Mkwe Mwenye Komamanga Mfukoni

“Kifaa kigeni kimeingia nyumbani. Ni cha Komamanga.”

Hayo ndiyo maneno ya friji ya Mzee Pyo, na hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita, kijiko cha supu kikiwa hewani. Msinilaumu. Hata mimi nilibaki nacho hewani hivyo hivyo, supu ikinidondokea kwenye tai niliyoazima.

Kwa wewe uliyefungia samaki gazeti la juma lile, mambo yalikuwa hivi. Mimi ni Tak Mun-gyu, muuza makava ya simu kwenye maduka ya chini ya ardhi pale stesheni ya Suwon. Nampenda Sae-rom. Sae-rom naye, kwa sababu ambazo wataalamu bado wanazichunguza, ananipenda mimi. Baba yake, Mzee Pyo Gil-su, ni meneja wa kampuni ya Haemaru, ya hapa hapa Suwon. Ndiye aliyetengeneza bawaba ya ile simu inayokunjwa kama kitabu. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kuomba mkono wa binti yake, na mzee alikuwa ameshatoa sharti lake mapema: mwenye simu ya Komamanga, yaani ya wale Wamarekani wapinzani wake, hatakuwa mkwe wake hata jua lichomoze magharibi.

Simu yangu ni ya Komamanga.

“Iache nyumbani,” Sae-rom alinishauri.

Ushauri mzuri. Sikuufuata. Mnajua simu hizi, siyo simu, ni ukoo. Saa na visikilizio vya masikioni nilivifungia kabatini, na bado vilinitumia malalamiko njiani: mwenzetu umempeleka wapi? Ukimchukua mmoja wa Komamanga umechukua na mashemeji wote. Haemaru nao ni wale wale. Mzee Pyo alianza na televisheni, televisheni ikaita friji, friji ikaita mashine ya kufulia, na leo hii hata kiti cha choo nyumbani kwake kinajua anapenda joto kiasi gani.

Basi nikafanya linalofanywa na muuza makava. Nilichukua kava la Haemaru, nikalitengenezea kamera nne za uongo, nikaiingiza simu yangu humo. Ilipendeza. Ungesema imezaliwa Suwon.

Mlangoni Mzee Pyo alinipokea kwa kibandiko. Si mzaha. Kiwandani kwao kila anayeingia hubandikwa kibandiko juu ya kamera ya simu asije akapiga picha za siri, na mzee huyo ameingia kiwanda hicho miaka mingi kiasi kwamba vibandiko vinakaa mfukoni mwake kama leso. Wageni wake wote huwabandika. Alinibandika na mimi, juu ya kamera zangu za rangi ya kucha, akakandamiza kwa kidole gumba, akaridhika. Kibandiko hicho kikibanduliwa huacha alama nyekundu isiyofutika.

Nilidhani nimeshinda. Hata kikapu changu cha matunda kilikuwa salama: muuzaji alikuwa ameweka komamanga halisi juu kabisa, nikaliona nikiwa kwenye lifti, nikalila lote na maganda yake kabla ya ghorofa ya kumi na nne.

Kisha friji ikafungua mdomo.

* * *

Mzee Pyo aliweka vijiti vyake vya kulia chini, taratibu.

“Nani?”

Mama Sae-rom akamtazama Sae-rom. Sae-rom akaitazama kabichi chachu ya kimchi. Mimi nikaitazama dari, kama mtu mwema anayesaidia kumtafuta mhalifu.

“Labda ni majirani, baba,” Sae-rom akasema. “Ghorofa ya juu wamehamia wanafunzi.”

“Friji yangu inamjua jirani na inamjua mgeni. Simu zote mezani. Kifudifudi.”

Tukaziweka. Zilikuwa nne zilizofanana, yangu ikiwa nzuri kuliko zote, kwa kuwa mwongo huvaa vizuri.

“Haemaru ana moyo,” mzee akasema, akiisogeza simu yake, kifudifudi hivyo hivyo, katikati ya sahani. “Ukiweka simu mbili mgongo kwa mgongo, aliyeshiba humgawia mwenye njaa chaji. Mama Sae-rom, lete yako.”

Ikawekwa. Ikatoa mlio laini kama ndege wa asubuhi, mlio wa Haemaru. Ya Sae-rom nayo ikaimba vilevile.

“Yako, kijana.”

Nikaitoa kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Nilijiambia: Mun-gyu, umechora kamera, umechora jina, mpaka mkwaruzo wa bandia umeuchora. Sauti je? Sauti umeichorea wapi?

Hapa sina budi kuisifu kampuni ya Haemaru. Simu yao ina moyo kweli. Haibagui hata adui. Chaji iliingia. Na simu yangu, kwa kuwa imelelewa vizuri, ikashukuru kwa lugha ya kwao.

*Ting!*

Ile ting moja tu, fupi, ya majivuno. Inajulikana kuanzia Seoul hadi Busan.

“Chukua viatu vyako,” Mzee Pyo akasema.

“Baba, naomba…”

“Baba yako nani? Baba yako ni huyo anayetengeneza simu huko ng’ambo!”

“Baba, ni simu tu!” Sae-rom akaruka.

“Simu tu? Meno yangu mawili ya nyuma yako wapi? Yaliisha kwa kusagana, mwaka ule Komamanga walipotoa simu yao juma moja kabla ya yetu! Halafu huyu aje kunywa supu yangu na meno ya watu mfukoni?”

“Mimi nilimjua na simu yake tangu siku ya kwanza,” Sae-rom akasema. “Tena nilimwambia hilo kava ni baya.”

“Si baya,” nikasema. Naapa nilisema hivyo. Nafukuzwa uchumba, na mimi natetea bidhaa.

Nikaona niondoke kishujaa. Nikainuka. Lakini nilikuwa nimekaa sakafuni nimepiga magoti tangu salamu za mwanzo, na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Shujaa wenu aliinuka nusu, akayumba, akalala kifudifudi juu ya kikapu chake mwenyewe cha matunda.

Nikiwa hapo chini, pua ndani ya peasi, friji ikasema tena, kwa upole ule ule wa binti aliyesomeshwa:

“Kumbusho. Vifaa vya Komamanga nyumbani ni viwili.”

* * *

Viwili!

“Una kingine, wewe?” Mama Sae-rom akaniuliza.

“Sina, mama. Nipekueni hata soksi.”

Alinipekua kweli. Soksi moja ilikuwa na tundu. Sae-rom akafumba macho kwa aibu.

Sasa ndugu msomaji, tazama vizuri kilichofuata, maana mimi nilikuwa chini nikakiona kwa pembe ambayo wengine hawakuwa nayo. Mzee Pyo, simba aliyekuwa akinguruma sasa hivi, alijikohoza. Akaketi. Akachukua vijiti.

“Haya, basi,” akasema. “Nyama inapoa. Kijana, inuka ule. Friji imekosea.”

Mama Sae-rom aliuweka mkono kiunoni, ule mkono wenye upawa.

“Baba Sae-rom. Umesemaje?”

“Nimesema friji imekosea. Imezeeka.”

“Mwaka ule mashine ya kufulia ilipotafuna vazi langu la harusi, ile hanbok, ulisema hanbok ndiyo iliyokosea. Jiko la wali lilipolipuka, ulisema mchele ndio mbaya. Leo kifaa cha Haemaru kimekosea?”

“Vifaa navyo ni… vina… Mama Sae-rom, kula basi.”

Mama hakula. Alinigeukia.

“Kijana, hilo jini lako linaweza kumtafuta mwenzake?”

“Mama, zikikaribiana huamkiana. Kioo kinang’aa chenyewe.”

“Inuka.”

“Miguu yangu bado…”

“Inuka nimesema!”

Basi ndivyo nilivyoizunguka nyumba ya meneja wa Haemaru, nimenyoosha simu ya adui mbele yangu kama mganga na kioo chake, nikichechemea. Nyuma yangu Mama Sae-rom na upawa. Nyuma ya mama, Sae-rom akijizuia kucheka. Na nyuma kabisa Mzee Pyo akituhubiria kuhusu supu: supu ikipoa mafuta yanaganda, mafuta yakiganda ni hatari kwa moyo.

Sebuleni, kioo giza. Chumbani kwa Sae-rom, giza.

“Nilijua utanishuku mimi kwanza,” Sae-rom akamwambia mama yake.

“Wewe ndiye uliyeleta huyu. Lazima nikushuku.”

Tukapita jikoni, nikafika kwenye friji ndogo ya pili, ya kuhifadhia kimchi tu. Kioo kikang’aa kama mwezi wa mavuno.

Mama akafungua. Alisogeza boksi la kimchi ya mwaka jana, ile aliyoitoa mchana kwa ajili yangu mimi mgeni. Nyuma yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa karatasi ya bati kama dagaa wakavu. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiifunga mdomo siku zote, isisikike. Lakini boksi lilipovutwa mchana, karatasi ilikuwa imechanika pembeni.

Mama akaifungua yote. Komamanga. Jipya, jembamba, linanukia kitunguu saumu.

“Hiyo si yangu,” Sae-rom akasema haraka.

“Wala yangu,” mama akasema. “Inafunguliwaje?”

“Kwa uso wa mwenyewe, mama.”

Akaielekeza usoni kwake. Ikagoma. Usoni kwa Sae-rom, ikagoma. Akaielekeza hata kwangu, ikagoma kwa dharau. Nadhani iliiona soksi.

“Baba Sae-rom. Njoo hapa.”

“Mimi uso wangu hauhusiki. Uso wangu ni wa Haemaru. Uso huu umekuwa kwenye kalenda ya kampuni mara…”

Mama hakungoja hesabu ya kalenda. Aliinua ile simu usoni kwa mzee kama mtu anayempiga mtu kofi.

Ikafunguka.

Ikafunguka kwa furaha, ndugu zangu, kama mbwa aliyemwona bwana wake.

* * *

Nami ndipo nilipofanya kosa la kuzaliwa nalo: nilicheka. Kidogo tu, kupitia puani. Mzee Pyo akanitazama, na nikatamani friji ya kimchi iwe kubwa zaidi nijifiche humo.

“Ni utafiti,” mzee akasema. “Kumjua mpinzani. Niliinunua niipasue, nione ndani.”

“Mbona haijapasuliwa?” Sae-rom akauliza.

Kabla hajajibu, simu ikaita. Ilikuwa imekaa kimya ndani ya bati, sasa imepata hewa. Mama akabonyeza, akaweka spika.

“Meneja Pyo!” Sauti ya kike, changamfu, ya ofisi. “Hatimaye! Nilidhani umetukimbia. Makao makuu huko ng’ambo wananiuliza kila siku. Basi niwaambie ni ndiyo? Maabara ya bawaba iko tayari, tumeipa mpaka jina lako mlangoni.”

Mama Sae-rom alisogeza mdomo karibu.

“Huyu ni mke wake. Jibu lake mtalipata akishamaliza kunijibu mimi.”

Akakata.

Mzee Pyo akaketi juu ya kiti cha jikoni, na ghafla hakuwa simba, wala meneja. Alikuwa mtu mzima mwenye mabega yaliyoshuka.

“Wameihamisha meza yangu,” akasema. “Tangu majira ya kuchipua. Iko karibu na mlango wa choo. Cheo cha juu amepewa kijana aliyezaliwa mwaka niliokuwa nikilala kiwandani kwa ajili ya ile bawaba. Ananiambia, ‘Mzee, pumzika.’ Nipumzike vipi? Mkono huu hata usingizini unakunja na kukunjua.” Akauonyesha. Kweli, ulikuwa ukikunja na kukunjua. “Hao wa Komamanga walinipigia wakanieleza bawaba yangu yote, skrubu kwa skrubu. Huku kwetu hakuna aliyewahi hata kuuliza ina skrubu ngapi.”

“Ukienda watakuita mwizi wa siri za nchi,” Sae-rom akasema polepole. “Baba, watu wamefungwa kwa hilo.”

“Ndiyo maana sijajibu. Sijasema ndiyo. Ila na hapana pia… imenishinda kuisema.”

Mama aliuweka upawa kwenye sinki, akachukua ile karatasi ya bati, akaanza kuinyoosha, kunjo kwa kunjo.

“Ungeniambia,” akasema mwisho. “Ningekutafutia mahali pazuri zaidi ya kimchi.”

Ndipo Mzee Pyo alipofanya jambo ambalo nikizeeka nitawasimulia wajukuu, kama nitaruhusiwa kuwapata. Aliniita turudi mezani. Akachukua chupa ya pombe ya soju. Mimi nikaharakisha kuishika, maana mdogo ndiye anayemmiminia mkubwa. Akanitoa mkono. Akanimiminia yeye. Kwa mikono miwili.

Mtu mzima, meneja, akimmiminia muuza makava kwa mikono miwili! Nilitaka kugeuza uso ninywe kando kama adabu inavyodai, sikujua tena nigeukie wapi, nikazunguka mzima mzima kama feni.

“Mun-gyu,” akasema. Mpaka hapo nilikuwa ‘kijana’. “Nilisema mwenye Komamanga hatakuwa mkwe wangu. Nikilishika neno hilo, itabidi na mimi nihame nyumba hii.”

“Kwa hiyo, mzee…”

“Mzee nani? Niite baba.”

Sae-rom alinifinya goti chini ya meza. Sikusikia chochote, ganzi ilikuwa haijaisha, lakini niliona mkono wake na nikaelewa. Nimepata mke! Mimi, Tak Mun-gyu, mwenye soksi yenye tundu!

Nikainua kikombe.

“Taarifa ya usalama imetumwa makao makuu,” friji ikasema. “Asante kwa kuilinda Haemaru.”

* * *

“Taarifa ipi?” mama akauliza.

Uso wa mzee ulikuwa umepauka kama tambi.

“Nyumba za mameneja,” akasema. “Friji ikihesabu kifaa cha adui zaidi ya kimoja, inawaarifu watu wa usalama. Ni mpango mpya.”

“Mjinga gani aliubuni mpango huo?”

“Mimi.”

Kengele ya mlango ikalia. Kwenye kioo cha kamera ya mlangoni, pale ukutani, akatokea mwanamume mwenye koti la bluu la kampuni, rola ya vibandiko ikining’inia kiunoni kama bastola.

“Meneja Pyo? Samahani kwa kuwakatizia chakula. Ni Bang wa usalama, wa jengo la jirani. Friji yako imetupigia simu.” Akacheka kwa heshima. “Si kazi kubwa. Nitatazama simu zilizomo tu. Yenye kibandiko chetu kisichobanduliwa naipita. Isiyo nacho nitaichukua, ifunguliwe ofisini.”

Mama akakimbilia simu yake na ya Sae-rom. Zile ni za Haemaru, mzee alikuwa amezibandika zamani, na yake pia. Hizo zilikuwa salama.

Iliyobaki mezani ni jozi moja ya mapacha kutoka ng’ambo. Pacha mmoja mtupu, ananukia kitunguu saumu, na ndani yake kuna yule mwanamke mchangamfu anayeweza kumpeleka baba mkwe wangu gerezani. Pacha wa pili ndani ya kava langu, na juu ya kava, kibandiko alichokikandamiza mzee kwa kidole gumba chake mwenyewe, cha mwisho kilichokuwa mfukoni mwake.

“Muuza makava,” Mzee Pyo akaninong’oneza. Jasho lilikuwa likimtiririka. “Una jingine?”

Kibandani kwangu yako makava mpaka natembea juu yake. Siku hiyo nilikuja na moja.

“Mpe baba hilo lako!” Sae-rom akanong’ona. “Wewe ni mgeni tu, yako hata wakiifungua watakuta nini? Picha za mbwa?”

Kengele ikalia tena.

Nilikuwa natazama simu yangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuwa na mzaha hata mmoja mdomoni. Kuna kitu sikumwambia Sae-rom. Hata ninyi niliwaficha. Simu mpya ya Haemaru itatoka majira ya baridi, na hakuna mtu nje ya kiwanda aliyewahi kuiona. Lakini makava yake lazima yawe dukani asubuhi ile ile simu itakapotoka. Mmewahi kujiuliza sisi wauza makava vipimo tunavipata wapi?

Mimi vyangu ninavyo tayari. Picha nzima, na bawaba mpya, skrubu kwa skrubu. Vimo humo, ndani ya Komamanga langu. Na aliyeniuzia, kama nilivyoambiwa, alikuwa amekaa kwenye meza moja iliyo karibu na mlango wa choo.

“Mun-gyu,” baba mkwe wangu akasema, mkono wake ukikunja na kukunjua juu ya meza. “Kava.”

Kitasa cha mlango kikaanza kuzunguka.